Daftari la Mguu wa Kushoto

4 Novemba. Kushoto 36, kulia 36.

Mvua ya kwanza ya kweli leo, mtaa wetu wote wa Naviundu unanuka udongo. Mume wangu Constantin amepima na mimi nimeandika, kama kila Jumatatu tangu miaka sita. Anazungusha metre ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu, kisha anagonga kwa kidole na kuinamisha sikio. Ni ugonjwa wa kazi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa reli, mwenye kupita kando ya mabehewa na kugonga magurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima linalia, lililopasuka linakohoa. "Ya kushoto inalia muzuri," amesema. Nimemwambia mguu wangu si behewa.

5 Novemba. Daftari hili limebaki na kurasa nyingi nyeupe, na mimi mwalimu siwezi kuona ukurasa mweupe nikatulia. Basi niandike pia mengine, si sentimita tu.

Miaka sita iliyopita pikipiki ilinigonga. Mguu ukafungwa plasta, nikalala wiki nyingi, na damu ikaganda ndani ya mshipa wa kushoto. Flebiti, ndivyo tunavyoiita hapa mjini. Kipande cha donge kikapanda hadi kwenye mapafu na nikaonja kifo, kina ladha ya chuma. Nilipopona daktari alinipa amri zake. Usikae zaidi ya saa moja bila kusimama. Kunywa maji hata bila kiu. Vaa soksi za kubana. Pima. Na mguu mmoja ukivimba peke yake bila mwenzake, usiukande, nikimbilie. Constantin alizishika amri hizo kuliko zile kumi za kanisani. Kila alfajiri ananiamsha tuzunguke uwanja wa nyumba mara tatu, yeye upande wa kushoto, akigonga kila kitu anachopita.

11 Novemba. 36, 36. Constantin anasema kichwa kinamuuma. Nimemwambia aende kupimwa tension, ile presha ya damu, amesema ni joto la kabla ya mvua. Tumegombana kidogo.

17 Novemba. Constantin amefariki.

21 Novemba. Kushoto 37, kulia 36.

Tulimzika jana. Ninaandika chooni, daftari na metre vimefichwa kiunoni ndani ya kitenge, kama mwanafunzi mwenye karatasi ya kuibia mtihani. Mlangoni kuna shangazi mmoja ananingoja. Mjane haendi hata chooni peke yake.

Kilio kinaongozwa na wifi yangu Christiane, dada mkubwa wa marehemu, kwa hiyo ni Yaya kwetu sote. Watu wao walishuka kutoka kaskazini na reli, na desturi yao walishuka nayo. Mjane anakaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, kitambaa kichwani mpaka machoni. Haongei. Haombi chakula wala maji, anangoja kupewa. Siku arobaini. Nilipojaribu kueleza habari ya mguu, Christiane alipiga magoti mbele yangu na kunivua soksi zangu, moja moja, polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala.

"Mujane hatembeake," alisema. "Mujane havaake soksi. Njo vile desturi ya kwetu. Mwanamuke mwenye kukataa kilio, iko na kitu anajua juu ya ile kifo."

Nikaziacha soksi mikononi mwake. Nyumba hii iko kwa jina la Constantin, na mwanangu Abigaïl anasoma Kolwezi mwaka wa pili; neno moja kama hilo likitoka mlangoni, tutalala nje sote wawili. Binti alipotaka kujibu nilimkonyeza, na leo nimemrudisha kwenye masomo yake.

Na nikiri jambo lingine, maana daftari halina masengenyo. Nilitaka kukaa. Siku ile ya tarehe kumi na moja nilimkaripia badala ya kumshika mkono kumpeleka hospitali. Niliona mkeka unanifaa.

22 Novemba. 37, 36.

Leo tumecheka kwenye kilio. Katongo amekuja. Yeye ni kizukulu wetu, yaani mtani wa ukoo, na msibani bizukulu wana ruhusa ambayo hata padri hana. Amevaa koti la kazi la Constantin, kofia yake, buti zake, fimbo yake mkononi, na uso ameufunga kwa skafu. Mwenye kuvaa hivyo ni marehemu mwenyewe. Hakuna wa kumpinga. Mjane peke yake hapaswi kuinua macho kumtazama usoni, la sivyo, wanasema, ataitwa amfuate. Kwa hiyo mimi nimeona buti tu na ncha ya fimbo.

"We Laurentine!" amepiga kelele, akidai ugali na dagaa wake. "Miye minakufa siku tano, bukari hakuna? Ndakala hakuna? Simama! Tutembee! Ile muguu yako minaijua, itaoza pale pale."

"Katongo, muache, anafaa kuikala chini," Christiane alisema.

"We ni nani wa kukataza maiti? Nyumba ni yangu. Simama, mama, raundi tatu!"

Nilizungushwa uwanja mzima, watu wakipiga vigelegele na machozi yakiwatoka. Damu ilishuka na kupanda, niliisikia. Koti lilinuka mafuta ya mashine na tumbaku. Baadaye lilirudishwa kwenye msumari wake ukumbini, buti chini yake, ncha zikitazama mlango.

24 Novemba. Mvua. Katongo amekuja tena. 36, 36.

26 Novemba. Mvua. Katongo hakuja. Nimekaa tangu asubuhi mpaka jioni. Ninakunja vidole vya miguu chini ya kitenge, mia, halafu mia nyingine.

Mama mkwe wangu, Mama Marie-Thérèse, amekaa kwenye kiti kinachonielekea. Ana miaka sabini na nane. Hanisemeshi tangu mazishi. Hatazami uso wangu, anatazama miguu yangu tu, kwa masaa. Nadhani anangoja kuona kama nitaisogeza.

28 Novemba. 37, 36.

Alfajiri ya leo, kabla ya kengele ya misa, fimbo iligonga sakafu mara mbili karibu na kichwa changu. Umeme hakuna. Wanawake wote walikuwa wamelala wamejifunika. Niliona buti. Niliinamisha kichwa haraka. Kikombe cha maji kiliwekwa mbele yangu, nikanywa chote. Kisha buti zikageuka kuelekea mlango wa nyuma, nami nikafuata.

Tulizunguka uwanja mara tatu katika manyunyu, yeye mbele, mimi nyuma. Sikusikia neno. Katongo ninayemjua mimi hawezi kunyamaza hata akiwa na jino bovu, lakini nilidhani anaogopa kuamsha watu.

29 Novemba. Amekuja. 36.

30 Novemba. Amekuja. 36. Maji, raundi tatu, kimya. Buti zake zinaburuta kidogo, kana kwamba zimekuwa kubwa.

1 Desemba. Amekuja. Tuliporudi nilisikia mtu anapumua kwa nguvu chini ya blanketi. Alikuwa Christiane, macho wazi. Alituona, na alijifunika kichwa chote. Mchana aliniwekea bukari mbali kidogo na mkeka, akaisukuma kwa ncha za vidole.

3 Desemba. 36, 36.

Leo mke wa Katongo, Kiki, amekuja kutoa pole. Nikamsikia akimwambia Christiane: "Mutusamehe, bwana yangu hakuona njia ya kukuya. Iko ku mupaka, Kasumbalesa, toka tarehe makumi mbili na saba. Malori yao iko mu foleni, batu ya douane habaachilie."

Tarehe ishirini na saba. Mara ya kwanza fimbo iligonga ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Christiane alinigeukia na uso umekuwa wa majivu. "Laurentine," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina tangu kifo, "asubui, nani anakusimamishaka?"

Mjane haongei.

4 Desemba. Fimbo imegonga mara mbili. Sikuinuka. Nilifumba macho, nikasali Salamu Maria mpaka nikakosea maneno. Fimbo ikagonga tena. Buti zilibaki pale pale, bila kusogea, na kutoka juu kulikuja pumzi fupi fupi yenye kuchoka. Nilihesabu mpaka mia nne. Kengele ya misa ilipolia, buti zikaondoka zikiburuta. Kikombe cha maji kilikuwa kimeachwa. Jioni mguu wa kushoto: 38.

5 Desemba. Nimeinuka. Nilisema moyoni: kama wewe ni yeye, twende, na kama si yeye, miguu ni yangu bado. Raundi tatu. Niliogopa toka mwanzo mpaka mwisho na nilikuwa na furaha toka mwanzo mpaka mwisho. Sijui kuieleza vingine. 37.

6 Desemba. Amekuja. 36.

7 Desemba. Amekuja. 36. Mchana Christiane amemleta mwanamke wa maombi, akanyunyiza maji ya baraka kwenye lile koti na kwenye buti. Amesema Constantin hajaenda zake, anamtaka mkewe. Mama Marie-Thérèse alitazama maji yakidondoka kutoka kwenye buti. Bibi huyu ni jiwe. Mwanawe anapigwa maji kama mwizi naye hata hapepesi.

8 Desemba. Amekuja. Buti bado mbichi.

9 Desemba. Mto umefurika, nyumba za chini zimeingia maji. Amekuja hata hivyo. Mvua ilipiga kofia yake, niliisikia kama kwenye bati. Aliteleza karibu na jiko na kushika ukuta. Nilitaka kumshika kiwiko, nikaogopa kwamba nitashika koti tupu.

10 Desemba. Amekuja, akazunguka raundi mbili tu. 36.

11 Desemba. Hakuja. Mama Marie-Thérèse ana homa, amelala chumbani. Kiti chake kitupu, na jambo la ajabu, ninakikosa.

12 Desemba. Hakuja. 37. Shangazi mmoja amekaa kwenye mlango wa nyuma usiku kucha kwa amri ya Christiane, na leo hata chooni nimepelekwa mara mbili tu. Maji nimepewa kikombe kimoja.

13 Desemba. Hakuja. Kushoto 39, kulia 36. Mshipa wa nyuma ya goti unavuta, kama kamba ya kuanikia nguo ikikazwa. Nimemwambia Christiane kwa kunong'ona: mguu umeanza, nipelekeni kwa daktari.

Akaniambia: "Haiko muguu. Ni Constantin, anakushika. Akichoka atakuachilia."

Nilimchukia, na nilimwamini nusu. Hayo mawili yanaweza kukaa kwenye moyo mmoja.

14 Desemba. 39, 36.

Amekuja. Shangazi wa mlangoni alikuwa amelala, kichwa magotini. Safari hii hakuleta maji. Aligonga mara mbili, nikainuka, mguu ukipiga kelele. Buti hazikuburuta hata kidogo, zilikanyaga imara. Na hakutangulia mbele. Alipita upande wangu wa kushoto, tukaenda sambamba. Kwenye pipa la maji ya mvua alisimama, akaligonga kwa fimbo, akainamisha kichwa kusikiliza. Raundi ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Sikuinua macho. Nilitazama nyayo zetu kwenye matope na nikalia bila sauti. Niliporudi mkekani usingizi ulinichukua mara moja, wa kwanza tangu tarehe kumi na saba.

18 Desemba. Hospitali.

Nimeruhusiwa kukaa na kuandika. Nina bomba la hewa puani, na tumbo lina alama za sindano. Niyaandike yote kwa utaratibu.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano mguu wa kushoto ulikuwa 41. Ulikuwa wa moto, unang'aa, rangi ya bilinganya karibu na kifundo. Hata Christiane aliogopa. Lakini hofu yake ilimpeleka anakokujua. Alileta beseni la maji ya moto, kitambaa, na chupa ya mafuta. Alipiga magoti, akakunja mikono ya blauzi.

"Yaya, usiukande," nilisema. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, mjane anayeongea. "Daktari alikataza. Ukiukanda, donge litapanda."

"Nyamaza. Minakusaidia. Unazani miye minataka ufe?"

Na hapo nilimwona kwa mara ya kwanza vizuri. Hakuwa adui. Alikuwa mwanamke aliyezika mdogo wake mwezi uliopita na anayeogopa kuzika tena, naye hana silaha nyingine ila maji ya moto. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana kwa adui ningepiga kelele. Aliushika mguu kwa mikono miwili, mikono yenye huruma, akaanza kuusukuma kutoka kifundo kwenda juu. Maumivu yalifunga macho yangu. Akasukuma mara ya pili. Kifuani upande wa kulia kitu kikanichoma, nikavuta pumzi na pumzi haikuja, na mdomoni nikaonja chuma.

Fimbo ikagonga sakafu. Mara mbili.

Saa tatu za asubuhi, mlango wazi, mwanga wote. Wanawake walipiga yowe. Kwenye mlango wa ukumbi lilisimama koti la Constantin, kofia yake, skafu usoni, buti zake. Mmoja alitoka kupitia dirishani. Christiane aliganda, mikono imejaa mafuta, mguu wangu bado mikononi mwake.

Buti zilikuja zikiburuta mpaka mbele yangu. Mkono ukatoka ndani ya koti, mdogo, wa mikunjo, ukavuta skafu chini.

"Christiane, acha ile muguu," alisema Mama Marie-Thérèse. "Acha, minasema."

"Mama? Iko wewe? Kila asubui iko wewe?"

"Ni miye." Alikuwa anatetemeka kwa homa, jasho linadondoka kutoka kwenye kofia ya mwanawe. "Mukubwa wako Virginie, alipokuwa mujane kule Kamina, aliikala namna ile ile. Muguu ikavimba. Munakumbuka?"

"Bwana yake alikuya kumukamata. Bote banajua."

"Bote banajua bongo, haikuwa bwana yake. Miye njo nilimukanda. Maji ya moto, mafuta, mikono ile ile yako. Alikuwa anasema, mama, acha, mama, inauma. Nikamuambia, nyamaza, minakusaidia. Akakufa mu mikono yangu, mafuta haiyakauka. Bakasema ni bwana yake, na miye nikashukuru, juu hakuna mwenye aliniuliza. Miaka makumi mbili na nane. Halafu nyuma Constantin akaniambia maneno ya dokta juu ya Laurentine, njo nikajua nani alimuua mutoto wangu."

Hakuna aliyepumua, na mimi nilikuwa siwezi.

"Sikuweza kusema. Kama ninasema muache atembee, mutaniuliza unajua namna gani. Sasa nikavaa koti. Maiti habaiulizake." Aligonga fimbo. "Musiguse muguu tena. Muite taxi. Constantin anasema muite taxi!"

Christiane aliinuka na kukimbia barabarani bila viatu, mafuta yakimtiririka viwikoni, na ni yeye aliyesimamisha gari. Alinibeba pamoja na dereva, mguu umenyooka, bila kuugusa. Njia nzima alirudia neno moja tu: samehe, samehe, sijui kama kwangu au kwa Virginie.

Walitazama mguu kwa mashine ya eko, ile inayoonyesha ndani ya mwili: donge toka shavu la mguu mpaka nyuma ya goti, na kipande kidogo kifuani. Daktari wangu alikuja mwenyewe. Aliniuliza kwa nini sikumkimbilia. Nilimwambia nilikuwa kwenye kilio. Alikunja kinywa, yeye naye ni mtu wa hapa, anaelewa. Akaniuliza kama kwa siku zile zote sikusimama kabisa. Nikamwambia nilitembea raundi tatu kila alfajiri, ila siku chache. Akasema, "Basi, mushukuru mwenye alikutembeza."

23 Desemba. Kushoto 39, kulia 36. Nimetoka. Safari hii vidonge vya kuzuia damu isigande ni vya maisha, saa ile ile kila siku. Nisijikate, nisichanjwe, nisinywe dawa za mtu mwingine. Soksi zangu zimerudi miguuni. Mama Marie-Thérèse amepona homa.

27 Desemba. 38, 36.

Misa ya siku arobaini. Baada ya misa mjane ananyolewa kichwa kwa wembe. Nilikuwa nimejiandaa kupigana vita nyingine, maana kwa vidonge hivi wembe ukiteleza damu haikauki upesi. Christiane akaja na kitambaa begani, akakaa nyuma yangu. Nikasikia kitu kinalia chap chap. Alikuwa ameleta mkasi.

"Dokta alikuambia?" nilimuuliza.

"Nilienda kumuuliza miye mwenyewe," alisema. "Geuza kichwa."

5 Januari. 38. Mvua.

13 Januari. 37. Shule zimefunguliwa. Nafundisha nimesimama, na kila kipindi kikiisha nawatembeza watoto hamsini na wawili kuzunguka darasa. Wanadhani ni adhabu.

20 Januari. 37, 36. Katongo amerudi na kuomba msamaha. Alisikia habari yote, akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kunyang'anywa kazi na bibi kizee.

3 Februari. Asubuhi.

Mama Marie-Thérèse anaishi nami sasa. Kila alfajiri tunazunguka uwanja pamoja, bila koti, yeye kwa kandambili zake. Christiane huja siku za Jumatatu kushika metre. Jana nilikuwa nasoma daftari hili toka mwanzo, na leo tulipopumzika karibu na pipa nikamuuliza jambo lililonikera.

"Mama, tarehe kumi na ine, na ile homa yako, ulitoka nje namna gani?"

"Kumi na ine ya mwezi gani?"

"Desemba. Siku moja mbele ya kunipeleka hospitali."

"Sikutoka." Aliniangalia. "Siku ine sikutoka. Nilianguka kitandani tarehe kumi na moja, na Christiane alilala ku mulango wa chumba changu kila usiku, alizani nitakufa. Siku ine nilikuwa minalia, minasema, Laurentine ameikala, Laurentine ameikala, na hakuna mwenye kumusimamisha."

Nilikuwa na daftari. Nilimsomea ukurasa wa tarehe kumi na nne polepole: buti ambazo hazikuburuta, upande wa kushoto, fimbo. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, wino ukapata doa, lakini hakuna aliyesogea.

"Aligonga pipa?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Akasikiliza?"

"Akasikiliza, mama."

Aliligeukia pipa. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na mwanawe pia. Tangu ujana wake amewangojea wanaume watoke zamu na kuwaona wengine wakiingia. Alifuta uso kwa kitenge, na niliona kwamba bega lake, lile alilokuwa akilibeba juu tangu Desemba, limeshuka.

"Basi," alisema, "alinishikia zamu."

Akanishika kiwiko, tukaanza tena. Tumefanya raundi tatu. Kushoto 36, kulia 36.